Piano Baada ya Saa za Kazi: Majibu kwa Barua Zenu

Barua nyingi tulizopokea safari hii zimetoka kwa watu wazima: wana kazi, wana watoto, jioni wamechoka, na bado wanataka kujifunza piano. Tumechagua zile zinazogusa mambo yanayowakwamisha wengi. Katika majibu yetu noti zimetajwa kwa herufi (C, D, E, F, G, A, B) na vidole kwa namba: gumba ni 1, kidole kidogo ni 5, kwa mikono yote miwili.

SWALI: Mimi ni mama wa miaka 46, muuguzi, na kazi yangu ni ya zamu. Siku nikipata nusu saa ya kukaa peke yangu nashukuru. Je, sijachelewa kuanza? Na hiyo nusu saa niigawe vipi? – Muuguzi wa zamu

JIBU: Mama, hujachelewa. Ila kuna jambo litakusumbua, na ni heri ulijue mapema: akili ya mtu mzima huelewa upesi kuliko vidole vinavyoweza kutii. Utaelezwa skeli ya C (noti zinazopandana kutoka C hadi C inayofuata) leo, utaielewa kwa dakika tano, kisha vidole vitataka wiki kadhaa kuipita bila kujikwaa. Mtoto halioni pengo hilo. Mtu mzima huliona kila siku, hujilaumu, huanza kuharakisha ili alizibe, na mazoezi huharibikia hapo hapo kwenye haraka.

Nusu saa inatosha, hata dakika 20 zinatosha, mradi ziwe za karibu kila siku. Mwendo mpya wa mikono huendelea kukaa sawa kichwani baada ya mazoezi, hasa mtu akilala. Ndiyo maana dakika 20 kwa siku sita huzaa kuliko saa mbili za Jumapili, ingawa jumla ni ile ile. Kwako wewe wa zamu hili lina maana ya pekee: siku unayotoka zamu ya usiku usijifunze kitu kipya. Piga ulichokwisha kukijua, polepole, kisha ukalale. Kipya kiache kwa siku ambayo umeamka umepumzika.

Dakika 20 zigawe hivi. Tatu za kwanza ni za kupasha vidole: noti tano, C hadi G, kupanda na kushuka, mkono mmoja mmoja, ukisikiliza kama kila noti ina nguvu sawa na mwenzake. Kidole cha 4 kitakuwa dhaifu na gumba litapiga kelele. Kazi ya dakika hizo tatu ni kuwapatanisha hao wawili. Kumi zinazofuata ni za kipande kipya, na kipande maana yake vipimo vinne, pengine viwili (kipimo ni sehemu ya wimbo iliyo kati ya mistari miwili ya wima kwenye noti). Usifungue ukurasa mzima. Tano ni za wimbo unaoujua, upigwe mwanzo hadi mwisho bila kusimama hata ukikosea. Mbili za mwisho soma noti usizowahi kuziona, rahisi kabisa.

Kabla hujainuka, andika kwenye karatasi mstari mmoja: “Kesho: kipimo cha 9 hadi 12, mkono wa kushoto, mapigo 60 kwa dakika.” Mtu aliyechoka hupoteza dakika saba akitafuta pa kuanzia. Karatasi hiyo inakurudishia dakika hizo.

Na utarajie nini? Kwa kasi hii, baada ya miezi mitatu wengi huweza kupiga nyimbo fupi kwa mikono miwili, vidole vikiwa havihami sana. Baada ya mwaka, nyimbo rahisi za ukurasa mmoja au miwili. Anayekuahidi zaidi ya hapo kwa dakika 20 kwa siku, muulize maswali.

SWALI: Ndugu yangu amenipa kibodi ya vitufe 61. Rafiki ananiambia bila vitufe 88 napoteza muda wangu. Tena naishi ghorofani na majirani hulala mapema. Nifanyeje? – Fundi umeme

JIBU: Kaka, anza na hiyo uliyo nayo. Vitufe 61 ni oktavo tano (oktavo moja ni kutoka C hadi C inayofuata), na nyimbo za mwanzo kwa kawaida hazivuki nne. Piano kamili ina vitufe 88, vyeupe 52 na vyeusi 36, lakini vile vya pembeni kabisa hutavigusa kwa muda mrefu.

Kitu cha kukipima leo ni mguso. Bonyeza kitufe kimoja taratibu sana, kisha kibonyeze kwa nguvu. Ikiwa sauti ni ile ile mara zote mbili, ama kibodi haina mguso kabisa au kazi hiyo imezimwa. Tafuta kwenye menyu kabla ya kukata tamaa. Kibodi isiyo na mguso itakufundisha wapi noti ilipo, lakini haitakufundisha kupiga kwa upole wala kwa mkazo, na hiyo ni nusu ya piano. Jina lenyewe linatokana na maneno ya Kiitaliano ya “pole” na “nguvu”, kwa sababu hicho ndicho kilichokuwa kipya Bartolomeo Cristofori alipokitengeneza chombo hiki huko Florence karibu mwaka 1700.

Ukiona umeendelea kwa miezi sita bila kuacha, hapo fikiria piano ya umeme yenye vitufe 88 vizito, vile vinavyoiga uzito wa nyundo. Vidole vilivyozoea springi nyepesi hupata taabu vikihamia kwenye uzito, na kadiri unavyochelewa ndivyo taabu inavyozidi. Unaponunua angalia mambo haya: vitufe vya kushoto viwe vizito kidogo kuliko vya kulia, iweze kutoa sauti angalau 64 kwa pamoja, kwani ukitumia pedali (kikanyagio cha mguu) sauti za zamani huendelea kulia na chombo chenye uwezo mdogo kitaanza kuzikata, na iwe na tundu la pedali. Stendi yenye umbo la X hutikisika na hula nafasi ya magoti. Yenye miguu minne ni bora.

Kuhusu majirani: hedifoni, tena za waya. Za Bluetooth huchelewesha sauti. Ni sehemu ndogo ya sekunde, lakini inatosha kukufanya usikie noti baada ya kidole kushuka, na mapigo yako yote yatapinda bila wewe kujua sababu. Wewe ni fundi, utaligundua haraka suala la plagi: piano nyingi zina tundu kubwa la milimita 6.35 wakati hedifoni nyingi ni za milimita 3.5, kwa hiyo tafuta adapta. Jambo moja watu hulisahau: hata ukivaa hedifoni, kishindo cha vitufe vizito hupita kwenye miguu ya stendi na kushuka sakafuni hadi kwa jirani wa chini. Weka mpira mzito au zulia lililokunjwa chini ya kila mguu.

Ukitamani piano ya nyuzi iliyokwisha kutumika, usiinunue kwa kuitazama mbao zake. Ndani ina nyuzi karibu 230 na huhitaji fundi wa kuipanga sauti mara mbili kwa mwaka. Bonyeza kila kitufe, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho. Sikiliza kinachokwama, kinacholia sauti mbili zinazogombana, kinachoendelea kulia baada ya kukiachia. Kisha mlipe fundi aje aangalie kama vigingi vinavyoshika nyuzi bado vinakaza. Vikilegea, kila ukipangiwa sauti itashuka tena baada ya wiki chache.

SWALI: Mimi ni karani, nashinda kwenye kompyuta. Nimeingia wiki ya tatu ya mazoezi, kifundo cha mkono wa kulia kinauma na mabega yanachoka. Kibodi nimeiweka kwenye meza ya chakula. – Karani

JIBU: Anza na hiyo meza. Kwenye piano ya kawaida, uso wa vitufe vyeupe uko karibu sentimita 73 kutoka sakafuni. Meza ya chakula peke yake huwa kama sentimita 75. Ukiongeza unene wa kibodi unafika 83 au 85. Sentimita kumi hizo hupanda mabegani: unainua bega ili mkono ufike juu, kifundo kinapinda, na unapiga mkono ukiwa umekaza tangu noti ya kwanza. Shusha kibodi, au pandisha kiti na uweke kitu imara chini ya miguu ili nyayo zisining’inie. Kipimo cha kutumia ni kiwiko: ukiweka vidole kwenye vitufe, kiwiko kiwe sawa na vitufe au juu yake kidogo, kamwe kisiwe chini. Kaa nusu ya mbele ya kiti, usiegemee.

Sababu ya pili ni ya ndani zaidi, na wapigaji wengi wapya wanayo. Kitufe hushuka kama milimita 10 tu, na gramu 50 hivi zinatosha kukizamisha. Kikishafika chini sauti imeshatoka. Kukikandamiza zaidi hakuiongezi wala kuibadili. Lakini mtu mzima mwenye bidii huendelea kukandamiza, kwa sababu kukandamiza kunafanana na kufanya kazi. Jaribu hivi: piga noti moja kwa kidole cha 3, ishikilie, halafu ukiwa umeishikilia tikisa kifundo juu na chini taratibu kama tawi. Kikikataa kutikisika, bado unakandamiza. Legeza mpaka kidole kiwe kimebeba uzito wa kutosha tu kukizuia kitufe kisirudi juu. Fanya hivyo kwa kila kidole, mwanzo wa kila zoezi, kwa wiki mbili.

Tazama pia gumba. Wengi huliacha likining’inia nje ya vitufe, kisha wakalirusha ndani kila linapohitajika, na kifundo hugeuka kama mtu anayefungua mlango. Gumba likae juu ya kitufe muda wote, likigusa kwa ubavu wake karibu na kucha.

Na kwa kuwa kazi yako ni ya kompyuta, mikono yako inafika kwenye piano ikiwa imeshachoka. Pumzisha robo saa kati ya ofisi na mazoezi, na vunja zoezi kila dakika 10. Maumivu yakiendelea hata baada ya kupumzika siku kadhaa, au ukisikia ganzi au vidole kuchomachoma, acha kupiga na umwone daktari. Usijaribu kuyazoea.

SWALI: Mkono wa kulia nimeuzoea, wa kushoto nimeuzoea. Nikiviunganisha kila kitu kinaporomoka. Nimeshafanya hivi mwezi mzima. Je, kuna watu ambao hawawezi tu? – Dereva

JIBU: Swali hili limerudi katika barua kadhaa, kwa hiyo tutalikalia.

Umakini wa mtu ni mmoja, na kwa sasa mikono yako yote miwili bado inauhitaji. Wewe unajua hali hii kutoka kwenye usukani: siku za kwanza hukuweza kubadilisha gia na kuzungumza kwa wakati mmoja. Sasa unaweza, kwa sababu gia zimehamia mahali pasipohitaji kufikiriwa. Mkono wa kushoto nao uhamie huko kwanza.

Kupima kama umehama ni rahisi. Upige peke yake huku ukihesabu kwa sauti kutoka 20 kurudi nyuma hadi 1. Ukikwama kwenye hesabu, au vidole vikikwama, mkono huo bado. Watu wengi wanaosema “wa kushoto nimeuzoea” huanguka kwenye 17.

Mara nyingi unachelewa kwa sababu unaurukisha bila sababu. Chukua kodi tatu zinazobeba nyimbo nyingi rahisi (kodi ni noti zinazobonyezwa pamoja): C, F na G. Mwanafunzi huzipiga kama alivyozikuta: C-E-G, kisha anaruka F-A-C, kisha G-B-D. Kila badiliko ni mkono mzima hewani, na macho yanakimbilia huko kuutafuta. Zipange upya. Anza C-E-G kwa vidole 5-3-1. Kwa F, mwache kidole kidogo pale pale kwenye C. E isogee hadi F, G isogee hadi A. Sasa una C-F-A kwa vidole 5-2-1. Kwa G, kidole kidogo kirudi nyuma kitufe kimoja hadi B, na vingine viangukie D na G: B-D-G, vidole 5-3-1. Kurudi C, gumba halihami, liko G tayari. B inapanda C na D inapanda E. Tazama mkono wako ukifanya hivyo: hausafiri, unapumua tu mahali pamoja. Kodi ni zile zile, na sasa macho yako ni huru kutazama mkono wa kulia.

Kushoto kukipita jaribio la 20, unganisha, lakini usiunganishe kila kitu kwa mara moja. Chagua vipimo vinne vya mapigo manne. Mzunguko wa kwanza piga kinachoangukia pigo la kwanza tu, mikono yote miwili, na katika mapigo matatu yanayobaki unyamaze huku ukihesabu kwa sauti. Ikikaa, ongeza pigo la tatu. Kisha la pili na la nne. Mwisho kabisa zile noti zinazoangukia kati ya mapigo, kwenye “na” ya “moja na mbili na tatu na nne na”. Unaujenga wimbo kama nyumba, nguzo kwanza, udongo baadaye.

Noti za kwenye “na” ndizo huvuruga wengi. Zikikukataa, funga piano na upige mapaja. Paja la kushoto: moja, mbili, tatu, nne, sawasawa. Paja la kulia: moja, mbili, na, tatu, nne, yaani kushoto ni manne, kulia ni matano, na lile la tano limejipenyeza baada ya mbili. Mwili ukilishika kwenye mapaja, vidole hulikuta limeshapikwa. Kaka, hili unaweza kulifanya hata umekaa kituoni ukingoja abiria.

Metronomu, kile kifaa kinachogonga mapigo sawasawa, itumie kama ngazi. Anza mapigo 50 kwa dakika. Ukipata mara tatu mfululizo bila kosa, panda 4: 54, 58, 62. Ukikosea mara mbili mfululizo, shuka 8, usibishane nayo. Na usimalizie zoezi kwenye kasi uliyoibahatisha. Rudi chini ngazi mbili, piga mara moja safi, kisha uinuke. Kosa ulilolirudia mara kumi umelifanyia mazoezi mara kumi, na vidole havijui kwamba hukulikusudia.

Kuhusu mtu ambaye “hawezi tu”: mwezi mmoja si muda wa kulisema hilo, hasa kama mwezi huo wote ulikuwa wa kuunganisha kila kitu kwa kasi kamili.

SWALI: Nimeimba kwaya miaka mingi kwa do-re-mi na nasoma vizuri. Noti za mistari mitano sizijui. Nijifunze hizo, au nijifunze kodi na kupiga kwa sikio? – Sauti ya pili

JIBU: Dada, wewe una mtaji ambao wanaoanza piano wengi hawana: unasikia umbali wa sauti kabla hazijalia. Usiuache. Kila wimbo mpya uimbe kwanza kwa do-re-mi, ndipo utafute vitufe.

Tofauti moja ikuandae. Do yako inahama; herufi za piano hazihami. Wimbo ukiwa kwenye C, do ni C, nawe unatembea kwenye vyeupe tu. Ukihamia G, do ni G, na hapo utakutana na F iliyopandishwa, ile nyeusi ya kulia kwa F. Sikio lako linajua sababu: kutoka ti kwenda do ni nusu hatua (kitufe kimoja), wakati kutoka F nyeupe kwenda G ni hatua nzima (vitufe viwili). Ukipiga F nyeupe utasikia ti imeanguka, kama mwenzako wa kwaya aliyeshuka sauti. Mpangilio wa do hadi do ukihesabu vitufe vyote, vyeupe na vyeusi, ni 2-2-1-2-2-2-1, uanzie popote. Chukua kitufe chochote, hesabu hivyo, utapata skeli yake bila kitabu.

Noti za mistari mitano tunakushauri ujifunze, kwa sababu zinakuonyesha mikono miwili kwa pamoja, moja juu ya nyingine, jambo ambalo maandishi ya do-re-mi huliweka vibaya. Usikariri noti zote. Kariri nguzo tatu: C ya katikati ya piano, ambayo ina kamstari kake peke yake kati ya makundi mawili ya mistari mitano; G, mstari wa pili kutoka chini kwenye ufunguo wa G (kundi la juu, kwa kawaida la mkono wa kulia); na F, mstari wa nne kutoka chini kwenye ufunguo wa F (kundi la chini, kwa kawaida la mkono wa kushoto). Kutoka nguzo hizo soma umbali. Mstari hadi nafasi inayofuata ni jirani, do-re. Mstari hadi mstari unaofuata unaruka moja, do-mi. Wewe umbali huo tayari unauimba. Unachojifunza ni sura yake tu.

Kosa tunalolisihi usilifanye ni kuandika herufi chini ya kila noti, au kubandika stika kwenye vitufe. Macho ni mavivu kwa haki: yakiona herufi hayatatazama noti. Andika zile nguzo tatu tu, na baada ya mwezi uzifute.

Kodi na kupiga kwa sikio? Fanya pia. Sikio lako litapata do, fa na so za mkono wa kushoto mapema kuliko unavyodhani, na hizo ndizo C, F na G tulizompangia dereva hapo juu.

SWALI: Kila mara nakwama pale pale, karibu na mwisho. Na nikipiga mbele ya mtu hata mwanzo unanitoroka. – Mwalimu wa sekondari

JIBU: Mwalimu, hesabu ni mara ngapi umepiga kipimo cha kwanza na mara ngapi cha mwisho. Anayeanza mwanzo kila siku na kusimama anapokwama ana mwanzo uliopigwa mara mia na mwisho uliopigwa mara kumi. Chukua penseli, gawa wimbo sehemu nne, ziandike A, B, C, D. Leo anza na D. Kesho yake C ikiingia D. Utakuwa unatembea kutoka usichokijua kwenda unachokijua, na ukifika mwisho unakuta nyumbani.

Pale unapokwama pasogelee zaidi. Kosa kwa kawaida halipo kwenye noti unayoikosa. Lipo kwenye safari ya kuifikia. Piga noti mbili tu, ile ya kabla na ile unayoikosa, na uangalie ni kidole gani kimefika kikiwa kimechelewa. Mara nyingi utakuta gumba. Kwenye skeli ya C ya mkono wa kulia vidole ni 1-2-3-1-2-3-4-5, na gumba hupita chini ya kidole cha 3 kwenda F. Wengi hungoja 3 kipige E ndipo walitume gumba, likafika kwa kishindo. Lianze safari mapema, kidole cha 2 kinapopiga D, ili wakati wa F liwe limeshasubiri. Ukishaamua kidole, kiandike juu ya noti kwa namba na usikibadilishe. Kubadilisha vidole kila siku ni kujifunza wimbo mpya kila siku.

Mbele ya watu, moyo hukimbia na mwendo hukimbia nao. Kabla hujaanza, imba kimoyomoyo kipimo kigumu kuliko vyote, kwa kasi unayoimudu, na uanze wimbo kwa kasi hiyo hiyo. Nyumbani, mara tatu kwa wiki, weka simu irekodi, kaa, piga mara moja bila kupasha vidole, usirudie. Hicho kilichorekodiwa ndicho watu watakachokisikia. Kifanyie kazi hicho.

KWA KIFUPI

Pedali ya kulia inafanya sauti zichanganyike kama matope. Nakosea wapi? Unaikanyaga pamoja na kodi, kwa hiyo inabeba na sauti ya kodi iliyopita. Mguu upande kodi mpya inaposhuka, kisha ushuke tena mara tu baada ya kuisikia. Kisigino kibaki sakafuni. Jizoeze na C-F-G za mkono wa kushoto kwa mapigo 50, bila wimbo.

Programu ya simu inatosha, au nitafute mwalimu? Programu husikia kama noti ni sahihi na imefika kwa wakati. Haioni bega lililopanda, kifundo kilichokaza, wala kidole kisicho chake, na hayo ndiyo yatakayokuzuia mwaka wa pili. Kama huwezi kila wiki, mwone mwalimu mara moja kila wiki mbili, na uende na swali lililoandikwa: kipimo fulani, mkono fulani.

Je, ni lazima nikate kucha? Ndiyo. Nyosha vidole ukitazama kiganja. Kucha isichungulie juu ya ncha ya kidole. Ikichungulia, kidole kitalala ili kuikwepa, na kidole kilicholala hakina nguvu.

Nasafiri kikazi wiki mbili bila piano. Nitasahau? Si sana, ukibeba noti zako. Kila usiku dakika 10: soma vipimo vinne, visikie kichwani kwa mwendo wa polepole, kisha vipige juu ya meza kwa vidole vyake halisi, ukitaja namba za vidole kwa sauti. Palipo na giza kichwani ndipo penye udhaifu, paandike. Siku ya kurudi anza hapo, mkono wa kushoto peke yake, mapigo 15 chini ya kasi uliyoiacha.